FLAG, HA, Myc au His: uchague kingamwili ipi kwa protini yenye tagi?

Kila msimu wa utafiti wa shahada ya uzamili unapoanza Makerere, swali hurudi: "Kaka, niagize anti-FLAG au anti-HA?" Mara nyingi anayeuliza ameshaunda plasmidi (duara la DNA linalobeba jeni la protini), tagi imeshabandikwa, na anachotafuta ni kingamwili ya kuishika. Hapo swali limechelewa. Tagi na kloni ya kingamwili huchaguliwa pamoja, kabla praima (vipande vya DNA vya kuunganishia tagi) hazijaagizwa. Tagi zenyewe zote ni vipande vidogo visivyopishana sana. Kinachozitenganisha ni kingamwili zake, na zaidi ni jinsi kila kingamwili inavyopatana au kugombana na sampuli iliyo mezani kwako.

Kwa anayeanza: tagi ni mfuatano mfupi wa asidi amino unaoongezwa mwanzoni au mwishoni mwa protini, ili badala ya kutafuta kingamwili mpya kwa kila protini utumie ile ile inayoitambua tagi. Kingamwili monokloni hutoka kwenye ukoo mmoja wa seli, kwa njia ambayo Köhler na Milstein waliitoa Cambridge mwaka 1975, kwa hiyo zote hushika mahali pale pale. Ndiyo maana jina la kloni, yaani M2, 9E10 au 3F10, lina uzito kuliko jina la kampuni lililochapwa kwenye kichupa. Ukiona tangazo limeandika "anti-HA" tu bila kloni, uliza kwanza.

Vigezo vya kupimia

*Sampuli ina nini tayari.* Kingamwili haijui kwamba wewe ndiye uliyebandika tagi. Inajua umbo tu. Umbo hilo likiwepo ndani ya seli kiasili, nalo litashikwa. Seli za binadamu zilizokuzwa Entebbe, majani ya muhogo ya Namulonge, migomba ya Kawanda na bakteria wa E. coli si kitu kimoja, na kingamwili iliyo safi kwenye mojawapo huweza kuchafua picha kwenye nyingine.

*Kazi utakayoipa.* Bloti ya Western (protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, huhamishiwa utando, kisha huguswa na kingamwili) ndiyo rahisi kuridhisha, kwa sababu SDS, sabuni ya kwenye jeli, imeshaikunjua protini na tagi iko wazi. Kunasa protini kwa shanga zilizobandikwa kingamwili ili uone imeambatana na nani kunahitaji kingamwili inayoshika protini ikiwa bado imekunjwa, kisha iiachie bila kuiharibu. Hadubini ya kung'aa ndiyo inayodai usafi kuliko zote, maana huko hakuna ngazi ya uzito ya kukuonyesha mstari upi ni wako.

*Mnyama iliyotoka.* Hiki wengi hukisahau. Kloni nyingi ni za panya (mouse). Ukinasa protini kwa kingamwili ya panya, halafu kwenye bloti ukatumia kingamwili nyingine ya panya, kingamwili ya pili, yaani ile inayoishika ya kwanza ili ionekane, itaona kila cha panya kilichomo. Itaona mnyororo mzito wa kingamwili ya kunasia, karibu kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa protini), na mnyororo mwepesi, karibu 25. Picha yake haijifichi: mistari miwili minene kwenye kila safu, hata safu ya kidhibiti isiyo na tagi, na ikiwa protini yako ina kilodaltoni 52 basi imezama nyuma ya ule mstari wa juu. Mwanafunzi hufurahi kwamba "imefanya kazi," mpaka atazame safu ya kidhibiti. Njia za kutokea zipo: tumia kloni ya panya buku (rat) kwenye hatua mojawapo, au kingamwili ya kwanza iliyounganishwa moja kwa moja na HRP, kimeng'enya kinachotoa ishara kwenye bloti, au kingamwili ya pili inayotambua mnyororo mwepesi peke yake.

*Kufika na kuishi.* Kichupa kinashuka Entebbe ndani ya boksi la povu, na karatasi za forodha zikikwama Ijumaa, barafu haitasubiri Jumatatu. Hili lisikutie hofu kupita kiasi. Kingamwili ni protini ngumu, na iliyo kwenye gliserini nusu kwa nusu haigandi hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kinachoiharibu hasa ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Kwa hiyo igawe kwenye vichupa vidogo siku ile ile inapofika, na usiiweke kwenye friza ya nyumbani ya aina inayojiyeyusha barafu yenyewe, kwa kuwa joto lake hupanda na kushuka hata umeme usipokatika. Ukiongeza sodiamu azaidi ili isiote kuvu, kumbuka kwamba dawa hiyo huizima HRP.

Sasa tuzichukue moja moja.

FLAG, na kloni M2

Tagi yake ni DYKDDDDK, asidi amino 8, iliyotolewa na kampuni ya Immunex mwaka 1988. Haikutoka kwenye kiumbe chochote. Ilibuniwa iwe yenye kupenda maji ili ikae nje ya protini. Jina FLAG ni alama ya biashara, ndiyo maana kampuni nyingine huuza kingamwili zao kwa jina la "anti-DYKDDDDK".

*Sampuli.* Kwa kuwa mfuatano huu ni wa kubuni, kwa kawaida M2 ni safi katika seli za wanyama na katika bakteria, ingawa mistari ya pembeni hujitokeza katika baadhi ya aina za seli. Tatizo lisilotajwa sana liko kwenye protini zinazotolewa nje ya seli. Tagi hii ina tirosini iliyozungukwa na asidi, na seli huweza kuibandika salfeti inapopita kwenye Golji, sehemu ya seli inayoandaa protini za kutolewa nje. Ikishabandikwa, M2 huishika kwa udhaifu. Protini ipo, bloti inasema haipo.

*Kazi.* Kwenye kunasa kwa shanga, M2 imejenga jina. Protini huachiliwa kwa kuongeza peptidi ya FLAG, bila asidi wala joto, ikabaki hai na yenye kufanya kazi. Angalia bufa yako tu: shanga za M2 hazipatani na DTT, ambayo hukata vifungo vinavyoishikilia kingamwili. Ukitaka ishara kubwa zaidi kwenye bloti, tumia tagi ya FLAG mara tatu, yenye asidi amino 22. M2 haichagui upande, iwe mwanzoni au mwishoni mwa protini. Ndugu yake M1 ni mwingine kabisa: anataka kalsiamu, na anataka tagi iwe mwanzoni kabisa bila kitu mbele yake. Usiwachanganye wakati wa kuagiza.

*Mnyama.* Panya, IgG1 (aina mojawapo ya kingamwili). Ipo pia kloni L5 ya panya buku, inayofaa kuwa mwenzake kwenye bloti baada ya kunasa.

*Kufika na kuishi.* Inapatikana kwa mawakala wengi wa Kampala na Nairobi, lakini shanga zake na peptidi ni ghali. Shanga zinaweza kuoshwa na kutumiwa tena mara kadhaa ukizitunza, na hilo hupunguza maumivu.

*Inamfaa* anayetaka kunasa protini ikiwa hai na kujua washirika wake. Anayefanya bloti tu analipia uwezo ambao hatautumia.

HA, na kloni zake tatu

YPYDVPDYA, asidi amino 9, kutoka hemaglutinini ya virusi vya mafua. Kloni ya kwanza, 12CA5, ilitokana na utafiti uliochapishwa 1984. Baadaye zikaja 16B12 ya panya na 3F10 ya panya buku. Hapa ndipo kutaja kloni kunapolipa, kwa sababu tatu hizi hazilingani: 12CA5 ni ya zamani na huonyesha mistari ya ziada kwenye sampuli nyingine, 16B12 kwa kawaida ni safi kuliko hiyo, na 3F10 hushika kwa nguvu kuliko zote mbili.

*Sampuli.* Ni safi kwa kiasi kikubwa kwenye mimea, hamira na seli za binadamu. Ila mtu anayechunguza virusi vya mafua vyenyewe, kazi ambayo imefanyika kwa miaka mingi pale UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda, Entebbe, aikwepe tagi hii. Na kuna mtego kwa wanaochunguza kufa kwa seli: katika apoptosisi, vimeng'enya vya kaspezi 3 na 7 huikata tagi ya HA katikati, baada ya DVPD. Ishara inafifia, unaandika kwamba protini imeharibika, kumbe kilichokatwa ni tagi. Kwa anayechunguza jinsi VVU au saratani inavyoua seli, sababu hii peke yake inatosha kuiacha.

*Kazi.* Bloti na hadubini, HA ni kipenzi. Chini ya hadubini naiamini kuliko Myc. Kunasa kunawezekana pia, na peptidi ya HA huachilia protini, ila 3F10 ikishashika haiachii kirahisi.

*Mnyama.* 12CA5 na 16B12 ni panya. 3F10 ni panya buku. Hilo ni baraka unapotaka kuonyesha protini mbili kwenye seli moja, mmoja kwa kingamwili ya panya na mwenzake kwa ya panya buku. Lakini utahitaji kingamwili ya pili dhidi ya panya buku, na katika maabara zetu nyingi iliyoko kwenye rafu ni ile dhidi ya panya na ile dhidi ya sungura. Ihesabu kwenye bajeti kabla, isije 3F10 ikakaa wiki sita kwenye friza ikisubiri mwenzake.

*Kufika na kuishi.* Hakuna shida ya pekee.

*Inamfaa* mtu wa hadubini, na mtu anayetaka tagi ya pili karibu na FLAG.

Myc, na kloni 9E10

Hii ina historia inayotugusa. Tagi ni EQKLISEEDL, asidi amino 10, yaani nambari 410 hadi 419 za protini ya c-Myc ya binadamu yenye asidi amino 439. Kloni 9E10 ilichapishwa mwaka 1985. Sasa, jeni la MYC ndilo linalohusika na limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala. Katika wagonjwa wengi, kipande cha kromosomu 8 chenye MYC huhamia kromosomu 14, na protini ikatengenezwa bila breki. Kwa hiyo mtafiti wa hospitali ya Mulago anayefanya kazi na seli za Burkitt, akitumia 9E10, atakuwa anashika c-Myc ya mgonjwa pamoja na protini aliyoibandika tagi, na ile ya mgonjwa huwa nyingi.

*Sampuli.* Tayari imeeleweka: kwenye seli za binadamu, hasa za saratani, tarajia mstari wa ziada kati ya kilodaltoni 57 na 70, na mwanga ndani ya kiini chini ya hadubini. Katika seli tulivu tatizo ni dogo, kwani c-Myc huvunjwa ndani ya nusu saa hivi. Kwenye mimea, hamira, bakteria na tripanosoma (vimelea vya malale), ambako hakuna c-Myc ya binadamu, kwa kawaida 9E10 haina cha kuchanganya.

*Kazi.* Bloti ni nzuri. Nguvu yake ya kushika ni ya wastani, na hutegemea tagi imekaa wapi na ina majirani gani, kwa hiyo kwa kunasa wengi hurudia tagi mara kadhaa mfululizo.

*Mnyama.* Panya, IgG1.

*Kufika na kuishi.* Hapa 9E10 inawapita wenzake. Haibridoma yake, yaani ukoo wa seli unaoitengeneza, imo kwenye benki ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1986 ili kusambaza kingamwili kwa watafiti bila kutafuta faida. Maabara yenye chumba cha kukuzia seli inaweza hata kununua seli zenyewe na kujitengenezea kingamwili mwaka mzima. Kwa maabara iliyo mbali na mawakala, Gulu au Mbarara kwa mfano, hilo ni jambo la kufikiriwa kwa makini.

*Inamfaa* mtu wa mimea, hamira au vimelea, mwenye bajeti ndogo na bloti nyingi.

His

Histidini 6 mfululizo, tagi ndogo kuliko zote hapa. Ilisambaa kuanzia 1988 pamoja na shanga za nikeli, na kazi yake ya kwanza ni kusafisha protini, si kuipima. Kingamwili zilikuja kusaidia.

*Sampuli.* Kwenye E. coli iliyotengeneza protini kwa wingi, hakuna shida. Kwenye seli za binadamu ni kelele, kwa kuwa binadamu ana protini zake zenye histidini kadhaa mfululizo. Anayeanza na lisati (mchanganyiko wa seli zilizopasuliwa) ya seli za binadamu na anti-His anajitafutia kazi.

*Kazi.* Bloti ya kuhakiki kwamba protini imetoka, na ELISA (kipimo cha kingamwili kwenye visima vya sahani). Nyingine si nguvu yake, kwani tagi fupi hivi hujificha kirahisi protini inapokunjwa. Soma pia masharti ya kloni: 3D5 inataka histidini ziwe mwisho kabisa wa protini, na Penta-His inataka tano zilizofuatana. Na jambo la jikoni: baadhi ya kloni hizi, Penta-His ikiwemo, hupoteza nguvu ukiziba utando kwa maziwa ya unga. Tumia BSA, yaani albumini ya damu ya ng'ombe. Kopo la maziwa ya dukani linalotosha kwa M2 au 9E10 hapa linaweza kukunyima mstari wako.

*Mnyama.* Zilizozoeleka ni za panya.

*Kufika na kuishi.* Rahisi kupata. Na kama shanga za nikeli tayari zipo, wakati mwingine jeli iliyopakwa rangi ya Coomassie inatosha, huhitaji kingamwili kabisa. Angalia tu mstari wa karibu kilodaltoni 25 hivi: E. coli ana protini yake, SlyD, yenye histidini nyingi, na hupenda kufuatana na yako kwenye nikeli.

*Inamfaa* anayezalisha antijeni ya kipimo au kimeng'enya kwa bakteria.

Mbili za pembeni

V5, asidi amino 14 kutoka virusi vya nyani SV5, na kloni yake SV5-Pk1, ni mbadala mzuri pale HA na Myc zote zina sababu ya kukataliwa. Ya pili ni Ty1 na kloni BB2, ambayo watu wa tripanosoma waliichukua tangu 1996. Wasiokuwa wa ukoo huo huwa hawajawahi kuisikia, lakini kwa nchi yenye malale ya Gambia na ya Rhodesia kwa pamoja, anayeanza na vimelea hivyo aulizie kwanza BB2.

Kulingana na hali yako

Seli za binadamu, unataka kujua protini inaambatana na nani: FLAG kwenye protini moja, HA kwenye ya pili. Nasa kwa shanga za M2, pima kwa 3F10 ya panya buku, na tatizo la mistari ya 50 na 25 litapungua sana, mradi kingamwili ya pili iwe ile iliyochujwa isishike ya panya.

Seli za Burkitt au saratani nyingine yenye MYC nyingi: Myc iache. Kama seli zitakufa wakati wa jaribio, iache na HA. Zinabaki FLAG na V5.

Protini inayotoka nje ya seli: jaribu HA au V5 kabla ya FLAG.

Muhogo au mgomba, bloti nyingi na fedha kidogo: 9E10. Lakini weka kwenye kila jeli majani yasiyo na tagi, yaliyochumwa siku ile ile na kusagwa kwa bufa ile ile. Mimea ina vitu vyake vya kunata, na bila safu hiyo hakuna mwamuzi wa tasnifu atakayekuamini.

Protini kutoka E. coli: His, na kingamwili uinunue baada ya kuona jeli, si kabla.

Tishu za panya chini ya hadubini: kloni yoyote ya panya itakuletea mwanga wa nyuma, kwa kuwa kingamwili ya pili inaona tishu yenyewe. Tafuta ya sungura iliyotengenezwa kwa tagi hiyo hiyo. Zipo kwa FLAG, HA na Myc zote.

Na kama plasmidi umepewa na mtu, tagi imo na huna uwezo wa kuibadilisha, usikimbilie kuagiza. Pita kwanza maabara za jirani uulize kilichomo kwenye friza zao. Mikrolita 10 za kloni ambayo mwenzako ameshaijaribu, zikiletwa kwenye barafu kutoka ghorofa ya juu, zitakujibu kama tagi yako inaonekana kabla hujalipia kichupa kizima.